Gitaa la Masanja na Redio ya Baba

Harufu ya risasi inapoyeyuka juu ya waya si harufu nzuri. Ina ukali wa utomvu uliochomwa, inakaa nyuma ya koo kama kwinini, na ukishinda nayo kutwa nzima hata ugali unakuja na ladha yake. Mimi nimeinusa zaidi ya miaka thelathini. Imenijengea nyumba mbili hapa Geita, moja ina vigae. Imenisomeshea watoto watano, na mmoja wao leo anavaa koti jeupe hospitalini. Shule yangu mimi iliishia darasa la nne, lakini chukueni spika mbili za kanisani zilizokufa, moja mpeni aliyesoma chuo na moja mnipe mimi, tuone ya nani itaanza kuimba. Sisemi hivi kwa kujisifu. Haya basi, kidogo ni kwa kujisifu.

Ila kila asubuhi, chuma cha kulehemu kikishapata moto na moshi ule wa kwanza ukapanda, huwa nanyamaza kitambo kidogo kabla sijaanza kutaniana na wateja. Wale wa zamani wameshanizoea, wanadhani nasali. Sisali. Wakati huo mimi nina miaka kumi na moja, nimechuchumaa nyuma ya ghala la pamba kwetu upande wa Kishapu, na mkononi nimeshika msumari wa inchi sita ulioiva mpaka umekuwa mwekundu.

Ngojeni niwapeleke taratibu.

Masanja alikuwa kaka yangu, amenizidi miaka tisa. Katikati yetu walizaliwa wawili wakafa wachanga, kwa hiyo nyumbani tulikuwa kama kidole gumba na kidole cha mwisho, yeye huku na mimi kule. Alifanya kazi ya kufagia kwenye klabu moja ya wazungu wa mgodini, na mzungu mmoja alipokuwa anafungasha kurudi kwao, alimpa sanduku la mbao. Ndani yake kulikuwa na gitaa la umeme ambalo halijaunganishwa. Ndiyo, lilikuja vipande vipande, eti mtu anaunganisha mwenyewe nyumbani kwake, na kuna karatasi yenye picha ya kumwongoza. Kulikuwa na shingo iliyopigwa vyuma vyembamba, funguo sita za kukazia nyuzi, nyuzi zenyewe kwenye bahasha ya mafuta, vifundo viwili vya kuzungusha, na kipande kimoja cha sumaku kilichozungushiwa waya mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Kiwiliwili hakikuwepo. Mchwa walikuwa wamekila kwenye stoo ya mzungu, kilichobaki kilikuwa vumbi lenye umbo la gitaa.

Masanja alilipenda sanduku lile kuliko watu wengi. Jioni alilifungua, akakipanga kila kipande juu ya ngozi ya ng'ombe, akakifuta, akakirudisha. Baba akawa anamtazama tu, huku anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, polepole kama mtu anayetafuna maneno. Baba alitaka mtu wa kushika plau. Masanja alitaka bendi. Siku maneno yalipotoka yalitoka yote kwa pamoja, mbele ya ng'ombe na mbele yetu.

"Kama gitaa ndilo baba yako," Baba alisema, "lifuate."

"Nitalifuata."

"Na hapa usirudi mpaka likulishe."

Masanja akaondoka kesho yake kwenda Geita kuchimba dhahabu. Alisema akipata, atanunua spika na mbao nzuri, alimalizie. Sanduku aliliacha ghalani. Mimi aliniaga pembeni ya zizi, akanishika sikio: "Maduhu, lile sanduku usiliguse. Ila nakujua, utaligusa. Basi ukiligusa, usilivunje."

Sasa niwaambie habari ya redio, kwa sababu bila redio hamtanielewa.

Redio ya Baba ilikuwa moja tu kijijini. Ilikaa juu ya kigoda chake peke yake, imevishwa kitambaa alichodarizi Mama, na wageni walitangulia kuitazama yenyewe kabla ya kututazama sisi. Simu hakuna, barua ilitembea mwezi mzima. Mtu wako akifia Tabora au Mpwapwa, wenzake walipeleka habari Dar es Salaam, na mchana, kabla ya taarifa ya habari, mtangazaji akasoma: fulani wa kijiji fulani anatangaziwa kifo cha fulani. Au fulani, popote alipo, afike haraka hospitali fulani, mwanawe ni mgonjwa sana. Saa hiyo ikikaribia watu walikuja kwetu na vigoda vyao. Walikaa kimya. Kuku akilia alirushiwa kijiti. Yule mtangazaji alikuwa na sauti nzito isiyoharakisha, na majina ya vijiji yakipita moja moja ungeona watu wazima wanavyobana pumzi. Akimaliza bila kukitaja cha kwetu, walipumua kwa pamoja, wakaanza kulalamikia mvua.

Baba alikuwa na msemo wake: "Redio hii si ya kuchezea ngoma. Redio hii ni ya watu." Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye, na mimi akiwa hayupo. Nilikuwa na mkono mwepesi. Hata yeye alilikubali hilo.

Miezi minane ikapita. Msafiri mmoja akatuletea salamu, kwamba Masanja mzima, na pamba ikishauzwa atakuja kutuona. Baba alisema tu "Haya," lakini jioni ile nilimwona anatengeneza kitanda cha kamba cha Masanja, anakikaza upya. Mimi nikaamua langu. Kaka atarudi na kulikuta gitaa limekwisha. Mtaalamu hayupo, mbao hakuna, umeme hakuna, na nitalifanya liimbe.

Na nililifanya. Msinibishie. Nilitoa ubao wa mninga kwenye sakafu ya mkokoteni uliovunjika, ubao mkavu wa miaka mingi, ukiugonga unalia kama kengele. Nilichora umbo kwa mkaa, nikachonga kwa panga, nikalainisha kwa kigae cha chupa. Mchana nilichunga, ubao umefichwa majanini, na ng'ombe waliingia mara mbili kwenye mtama wa watu nikachapwa mara mbili. Matundu niliyachoma kwa msumari, moshi wa mninga ukanitoa machozi, mtamu kidogo kama tumbaku ya babu. Shingo ikakaa. Nyuzi zikakaza. Kwa siku kumi na tatu vidole vyangu vilikuwa malengelenge matupu, na sijawahi tena kufurahi vile, pamoja na vigae vyangu.

Lakini gitaa la umeme bila umeme ni ubao wenye nyuzi. Ukilipiga linanong'ona kama mbu. Nilikuwa nimewahi kumwona fundi redio mnadani akigusa sehemu fulani ndani ya redio kwa ncha ya bisibisi, pale nyuma ya kifundo cha kuongezea sauti, na spika ikavuma *mmmm*. Nilimtazama mara moja tu. Nikajua. Kama ncha ya bisibisi inaweza kuvumisha spika, basi na sumaku ya gitaa inaweza. Hilo wazo sikupewa na mtu, lilikuwa la kichwa changu mwenyewe, cha miaka kumi na moja, cha darasa la nne.

Siku hiyo Baba alikuwa amepeleka ng'ombe kwenye josho. Mama alikuwa shambani anachuma pamba. Niliibeba redio mpaka nyuma ya ghala, nikafungua mgongo wake kwa kisu, nikaunganisha. Ikakubali. Nilipiga uzi wa kwanza na sauti ikatoka kubwa, nene, mbuzi wakashtuka. Tatizo likawa moja: kila nikipiga, yule bwana wa Dar es Salaam naye alikuwa anaongea ndani yake, anasoma bei za mazao juu ya muziki wangu. Nikautafuta waya unaoleta sauti yake mpaka pale kwenye kifundo. Ulikuwa mwembamba, wa njano. Nikaukata.

Akanyamaza. Nikabaki mimi peke yangu na gitaa.

Sijui nilipiga kwa muda gani. Nilichosikia baadaye ni sauti ya Mama Nyanzala, mjane jirani yetu, amesimama kwenye kona ya ghala na kigoda chake kichwani.

"We Maduhu, leo hatusikilizi? Saa imefika. Watu wako uani wanangoja."

Nilisimama mbele ya gitaa ili asilione. "Betri zimeisha, mayu." Kwetu ndivyo tunavyowaita akina mama.

"Zimeisha? Si kuna kitu kilikuwa kinalia hapa?"

"Ndiyo zilikuwa zinaishia."

Alinitazama, akacheka kidogo. "Haya. Waliokufa leo watatusamehe." Akaenda kuwaambia wenzake, nikasikia vigoda vikiinuliwa na miguu ikitawanyika.

Nilijaribu kuurudisha ule waya. Niliupasha msumari motoni, nikayeyusha risasi kidogo niliyokuwa nimeokota kwenye betri kuukuu ya gari, lakini msumari wa inchi sita si chuma cha kulehemu. Uliunguza kipande kidogo chekundu pembeni, kikapasuka kama punje ya mtama, na harufu ikapanda. Ile harufu. Nikafunga waya kwa uzi wa pamba, nikarudisha mgongo, nikaivisha redio kitambaa chake.

Kesho yake Baba aliwasha mwenyewe, watu wamekaa. Ikavuma tu, haisemi. Nikarudia uongo wangu. Akashangaa: betri zile tulipanga foleni pamoja, mimi na yeye, kwenye duka la ushirika, hazina hata wiki mbili. "Siku hizi wanatuuzia maiti," alisema. Akazitoa zote nne, akazianika juu ya jiwe jua lizitie nguvu kidogo, kama tulivyofanya wote miaka ile. Alipozirudisha, redio ikavuma vile vile. Akasema siku ya mnada atatafuta nyingine. Mnada ulikuwa baada ya siku sita.

Siku ya mnada haikufika kabla ya Ndaki.

Alikuwa kijana mwembamba, vumbi jeupe la mawe bado liko kwenye masikio yake, na begani alikuwa na mfuko wa kaka yangu. Mama aliutambua mfuko kabla ya yule kijana kufungua mdomo. Alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye pamba.

"Shikamoo, Baba Masanja."

"Marahaba. Sema."

Ndaki akasema. Duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, liliachia matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, na kumbana Masanja kuanzia kiunoni. Walimtoa akiwa hai na kumfikisha hospitali. Wenzake wakapeleka tangazo. Lilisomwa siku mbili mfululizo, mchana, jina la Baba na jina la kijiji, popote alipo afike haraka. Masanja aliishi siku nne. Akafa, na kwa joto lile hawakuweza kumweka zaidi, wakamzika wao.

"Alikuwa akisikia gari linasimama nje," Ndaki alisema, "ananiambia, kachungulie, yule ni baba. Nachungulia, namwambia bado. Ananiambia, atakuja, yule mzee ana hasira za mdomoni tu."

Baba aliuliza swali moja. "Lilisomwa siku gani?"

Ndaki akazitaja. Nami nikazihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wangu.

Alasiri ile, watu wakiwa bado hawajajaa, nilijificha ghalani, na kupitia fito nikamwona Baba ameketi na redio mapajani. Aliufungua mgongo wake. Alitazama ndani muda mrefu. Aliingiza kidole kimoja kinene, akagusa kitu, akakitoa kidole na kukinusa. Halafu akaufunga tena, akakaza kila skrubu. Nikajiambia: haelewi. Mzee wangu hajui waya huu ni wa nini na ule ni wa nini. Mungu anisamehe, nilijiona mjanja.

Alfajiri nililipasua gitaa kwa shoka, shingo na kiwiliwili, nikalitia kwenye moto wa msiba uliokuwa uani. Mninga mkavu unawaka vizuri. Wanaume walisogea wakanyoosha mikono, wakaota.

Jua lilipopanda walikuwa wamefika wa ukoo wote, na wa vijiji vya jirani. Mtu mmoja kutoka ng'ambo ya mto alisema kwa uchungu wa kweli, "Sisi tulilisikia, siku zote mbili. Tukasema, hawa redio wanayo, saa hizi wameshapanda gari. Nani angekimbia kumpelekea habari mwenye redio?"

Ndipo mjomba Lugendo, kaka yake Mama, akasimama. Alikuwa na ulimi wa kuchuna ngozi.

"Shemeji, tueleze. Nchi nzima imesikia unaitwa kwa mwanao. Wewe mwenye redio hukusikia?"

 Baba aliingia ndani, akatoka na zile betri nne. Akazipanga juu ya jiwe, moja moja, kwenye jua, mbele ya watu wote.

"Zilikwisha," akasema.

"Betri!" Lugendo akapiga makofi mara moja. "Mwanaume mzima unatuambia betri! Betri za kuazima hazipo? Miguu huna? Au ni lile gitaa bado liko rohoni mwako?"

"Zilikwisha. Sikuona haraka ya kutafuta nyingine."

Watu wakaguna. Mama akainua kichwa, akamtazama, na kuanzia hapo kuna kitu kilifungwa kati yao. Majirani waliendelea kumwita Baba Masanja mpaka anaingia kaburini. Mama hakumwita hivyo tena. Alimwita "wewe."

Nami nilikuwa nimekaa umbali wa hatua tano, magoti kidevuni. Nilikuwa nazijua betri zile. Nilizipigia gitaa. Zilikuwa na nguvu za kushtua mbuzi.

Miaka miwili baadaye Baba alinipeleka Shinyanga mjini, akaniacha kwa Fundi Hamisi, mzee Mwislamu aliyetengeneza redio kwenye baraza la duka la nguo. Hakunieleza kitu. Alinipa shuka na kibuyu cha maziwa, akageuka akaondoka, na mimi nikaamini kwamba ananitupa kama alivyomtupa Masanja. Hasira hiyo ndiyo niliyoifanyia kazi. Nililala chini ya meza ya fundi miaka sita, nikajifunza kila kitu, na kila aliyeniuliza nilimwambia sina mtu, nimejitengeneza mwenyewe. Nimelisema hilo mbele ya madiwani. Nimelisema harusini kwa binti yangu.

Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikwenda, nikabeba jeneza upande wa kichwani. Mjomba Lugendo alipewa nafasi ya kusema na akasema, kwa upole wa mazishini lakini akasema, kwamba marehemu alikuwa mtu wa kazi, kasoro ni kwamba aliitwa na mwanae asiende. Watu wakainamisha vichwa. Ulimi wangu ulikuwa mzima, koo langu lilikuwa zima. Nikatupa udongo wangu, nikapanda gari.

Fundi Hamisi ndiye aliyenieleza, mwaka niliomuaga kuja kufungua kibanda changu Geita. Alikuwa anatafuta bisibisi ya kunipa zawadi, akasema kama mtu anayeongelea hali ya hewa:

"Baba yako aliniletea redio yake mwaka ule wa msiba wenu. Nikaifungua, nikamwonyesha waya uliokatwa na pale palipounguzwa na msumari. Nikamwambia, mzee, huu ni mkono wa mtoto. Akasema anajua, alishaona mwenyewe. Akaniomba nisimwambie mtu."

Akaipata bisibisi, akaifuta vumbi.

"Halafu akaniuliza, 'Huyo aliyejua waya wa kuukata ni huu, anafundishika?' Nikamwambia, kwa umri huo, anafundishika sana. Kuanzia pale alikuwa anakuja kila mnada kuniomba nafasi yako. Miaka miwili. Nilikuwa namkatalia, mahali ni padogo. Siku moja akaniambia, 'Fundi, mmoja nilimfukuza kwa mdomo wangu. Huyu akijua alichofanya, atakwenda mwenyewe, na hatarudi. Mchukue kabla hajakua akakifikiria.' Ndipo nikakubali."

Nilikuwa nimeshakua. Nimekifikiria tangu siku ile, na bado.

Mama amekufa bila kusikia haya kutoka kwangu. Mjomba Lugendo yuko hai, haoni vizuri, lakini masikio yake mazima, na wajukuu zake wanajua kusoma. Basi wamsomee haya niliyoyaandika. Wamwambie Maduhu ndiye aliyeukata waya, na mwenye redio hakusikia kwa sababu mimi nilimziba masikio. Baba yangu angekwenda. Angesikia jina lake likitajwa siku ile, asingengoja hata kuvaa viatu. Angekwenda.